Kikombe Chenye Mpira wa Tyubu

Tik, tik, tik, tik. Mlio huo naukumbuka kuliko hata kikohozi changu mwenyewe. Ni friwili ya baiskeli ya kaka Deo, ile gia ya nyuma inayolia tairi likizunguka bila mtu kunyonga. Mimi nimekaa kwenye keria, nimefungwa kwa khanga kiunoni hadi kwenye siti kama gunia la mpunga, na kaka anaikokota baiskeli kwa miguu kuelekea hospitali. Alikataa kupanda, aliogopa nitadondoka. Akiongeza mwendo mlio unakimbia, akipunguza unajivuta. Nikawa nausikiliza na kujiambia: ukinyamaza huo, Anjela, ujue umekufa.

Haukunyamaza. Ndiyo maana naandika.

Nakuandikia wewe uliyeko kwenye lile benchi la nje, la upande wa wanaokohoa. Habari za vijidudu sizijui, hizo waulize manesi. Mimi nitakueleza yale niliyotamani mtu anieleze nilipokuwa nimekaa hapo, natikisa miguu hadi benchi zima linatikisika, mpaka mama mmoja pembeni yangu akaniambia, "We binti, unanyonga kwenda wapi? Tupo hapa hapa."

Watu wengi wa Ifakara hatusemi tunaendesha baiskeli, tunasema tunanyonga. Mimi tangu nimalize darasa la saba kazi yangu ilikuwa kunyonga. Nakaanga vitumbua vya mchele alfajiri, napakia ndoo kwenye keria, nazunguka mitaani hadi ndoo iishe. Kutulia sikujui. Hata nikiwa nimekaa kichwa kinasafiri: nimeshafika Mahenge, nimeshafika Malinyi alikokuwa baba anakaa shambani msimu mzima, nimeshafika hadi kwenye miji ambayo sijui hata iko upande gani. Mwaka ule wa mavuno ikawa zamu yangu kunyongwa. Kikohozi kilianza tukiwa tunaamia ndege, kuwafukuza wale wanaokula mpunga shambani. Nikadhani ni kwa sababu ya kupiga kelele kutwa nzima. Mpunga ukavunwa, kikohozi kikabaki. Sketi zikawa zinanizunguka zenyewe. Usiku shuka inaloa jasho hadi unaweza kuikamua.

Majibu yalipotoka yalikuwa kifua kikuu. Nesi alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayekuambia duka limehamia ng'ambo ya barabara. Kaka Deo akauliza, "Anapona?"

"Akimeza dawa zote bila kuruka, anapona. Nani atakuwa anamsimamia nyumbani?"

"Mimi."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi kabla hajaenda kwenye karakana yake ya kutengeneza baiskeli, kaka anasimama mbele yangu. "Fungua mdomo. Nyanyua ulimi. Haya, umemeza, mheshimiwa." Siku ya kwanza nilipokwenda chooni nikatoka mbio napiga kelele, mkojo ulikuwa mwekundu kama juisi ya rozela. Nesi alikuwa ameniambia, lakini kusikia na kuona ni vitu viwili. Kaka alicheka hadi akakaa chini. "Ungekuwa unauza hiyo," akasema. Na wewe ukiona hivyo usipige kelele, ni dawa zinapita. Halafu kuna njaa. Hakuna aliyenionya kuhusu njaa. Zile dawa, baada ya wiki kadhaa, zilinifanya nikodolee macho sufuria za majirani. Na viungo vinauma, na ngozi inawasha hadi unajikuna kwa mgongo wa kijiko.

Mama yangu ndiye niliyeshindwa kumwelewa. Au nilimwelewa, ila iliniuma. Mdogo wake, mama mdogo ambaye mimi simkumbuki vizuri, alikufa kwa kifua zamani, na mama ndiye aliyemuuguza. Kwa hiyo siku ile niliyorudi na dawa, alikwenda kwenye kabati la vyombo. Tuna vikombe sita vya bati, vya bluu vyenye ukingo mweupe, alivinunua pamoja gulioni na vinafanana kama mapacha. Akachukua kimoja, akamwomba kaka Deo kipande cha tyubu iliyokwisha kutumika. Unajua sisi tunavyofunga kila kitu kwa mpira wa tyubu: mizigo, milango, hata suruali. Akakata utepe mwembamba, akauzungusha kwenye mkono wa kikombe, akaufunga fundo.

"Hiki chako," akasema. Hakuniangalia.

Akachukua na kikaangio cha vitumbua, awe anakaanga yeye alfajiri. "Watu wakisikia ni kifua, nani atakula? Pumzika."

Pumzika. Neno hilo nililichukia kuliko sindano.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa kwenda na kurudi hospitali na kukaa kwenye benchi. Yule mama aliyeniuliza nanyonga kwenda wapi tukawa marafiki. Anaitwa Mama Hadija, kwao Sanje, kule chini ya milima, lakini wakati wa matibabu alikuwa anakaa kwa binti yake hapa mjini. Yeye alinitangulia kidogo kwenye dawa, kwa hiyo alijua yatakayokuja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, na bado nina njaa."

"Basi unapona. Mimi juzi nimekula mboga ya mkwe wangu, akirudi anakuta sufuria inang'aa. Ananiambia, mama, kumbe umeosha vyombo! Nikamwambia, eeh, nimekusaidia."

Tulicheka hadi tukakohoa, tukakohoa hadi nesi akatoka kutuangalia. Wewe uliyeko kwenye benchi, tafuta mtu wa kucheka naye. Usisubiri upone.

Nesi huyo ndiye aliyetueleza kwamba tukiwa tumemeza dawa wiki kadhaa vizuri, hatuambukizi tena, tunaweza kula na watu. Nilirudi nyumbani naimba. Nikamwambia mama. Mama akasema, "Sawa mwanangu, tumshukuru Mungu." Jioni akanipa chai kwenye kikombe chenye mpira.

Kiangazi kikapita, mvua za kwanza zikaja, watu wakapanda mpunga, mimi nameza dawa. Vile vidonge vya mwanzo vikapungua. Mama Hadija akamaliza dozi yake, akaja benchini kuaga wakati mimi bado. "Ukipona uje Sanje," akasema. "Nauza ndizi pale barabarani, huwezi kunikosa. Ila usije kwa gari. Wewe mguu wako hautulii, njoo unanyonga, nione kama kweli umepona."

Alisema kwa utani. Mimi nikalichukua lote.

Nilimaliza dawa mashamba yakiwa yanameremeta maji. Makohozi yakapimwa, safi. Karatasi yangu ya matibabu ikafungwa. Nilidhani siku hiyo kutakuwa na kitu, sijui nini, labda mbingu itabadilika rangi. Kaka Deo aliniletea soda mbili, zote zangu. Mama alinikumbatia akalia. Kisha akapika chai, na nilipoingia ndani kikombe changu kilikuwa mezani na mpira wake. Nikaketi, nikanywa. Ningesema nini kwa mtu aliyelia?

Ila tangu siku hiyo sikutulia tena. Nikilala miguu inanyonga hewa chini ya shuka.

Ndipo siku moja, tukiwa tumerudi msimu wa kuamia ndege, gari la matangazo likapita mtaani na spika juu. Vijana wa baiskeli wa hapa mjini walikuwa wanaandaa msafara, Ifakara hadi Sanje, baada ya mavuno. "Si mashindano! Ni msafara! Wenye gia na wasio na gia, wote karibuni! Kurudi ni kwa lori!" Sanje. Nilisimama katikati ya mtaa na ndoo ya maji kichwani hadi bodaboda akanipigia honi.

Nilienda kwanza kwa nesi. Akanisikiliza kifua mbele na nyuma, akasema, "Nenda, lakini anza kidogo kidogo. Ukichoka, shuka." Kisha nikamwambia mama.

"Hapana."

"Mama, nimepona."

"Nimesema hapana, Anjela! Ukianza kukohoa njiani, mbele za watu? Watasema kimerudi. Na kikirudi je?"

Kaka Deo alikuwa anapaka grisi mnyororo. Akasema bila kuinua kichwa, "Mama, gari la nyuma litakuwepo. Wakichoka wanaokotwa."

"Gari gani?"

"Pikapu. Wanaliita gari la mavuno. Linaokota walioanguka kama magunia."

Mama akaniangalia mguuni hadi kichwani, akasema, "Basi likuokote mapema." Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yangu.

Nilianza na kona ya mtaa. Nikarudi nimeshika kifua. Wiki iliyofuata hadi sokoni na kurudi, kisha hadi kwenye reli, kisha Kibaoni. Kila asubuhi mapafu yanalalamika kama bawaba za mlango wa zamani. Nilikosea jambo moja ambalo ni mtu wa Ifakara tu anaweza kukosea: mazoezi yangu yote niliyafanya tambarare. Sisi mlima tunauangalia tu kwa mbali, unapendeza, una ukungu, basi. Sikuwahi kufikiria kwamba barabara inayokwenda kando ya milima nayo itapanda na kushuka.

Siku ya msafara tulikusanyika asubuhi, kundi kubwa, wengine na baiskeli za gia na kofia ngumu, wengine kama mimi na baiskeli ya keria. Nilifungiwa kitambaa cha namba. Kwenye keria nilifunga mfuko: maji, viazi, khanga, na kikombe changu chenye mpira. Hakuna aliyeniambia nikibebe. Mkono wangu wenyewe ulikipakia.

Hadi Kiberege nilikuwa mwimbaji. Barabara ya lami inateleza, milima ikiwa kushoto, kulia mashamba yaliyovunwa yenye mabua. Nilimpita mzee mmoja aliyevaa koti zito, nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba, usiimalize pumzi yote mwanzoni, mjukuu." Baadaye akanipita yeye, koti na yote.

Kisha barabara ikaanza kunikunja. Si mlima, watu wa Sanje wangenicheka nikiita mlima. Ni mwinuko. Lakini miguu yangu haikujua la kufanya nao. Nikasimama kwenye pedali, nikakaa, nikasimama. Kifua kikaanza kuwaka, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nikakohoa. Mara moja. Nikashuka. Nikatema kwenye majani na kuinama kuangalia kama nilivyokuwa naangalia enzi zile.

Mate tu. Meupe. Vumbi na mbio.

Kaa na hilo, wewe unayesoma. Kila kikohozi kitakutisha. Utainama uangalie. Mimi naangalia hadi leo.

Mang'ula tulikuta ndoo za maji kando ya barabara, na dada mmoja anachota kwa kikombe kimoja cha plastiki, anampa huyu, anampa yule. Zamu yangu ilipofika nikatoa kikombe changu kwenye mfuko.

"Ehee!" akasema kijana mmoja mwenye kofia ngumu. "Dada amekuja na vyombo! Sahani ziko wapi?"

"Labda amehama kabisa," akadakia mwingine. "Kitanda kinakuja na lori."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu kilikuwa kichekesho kweli. Lakini nilipokwenda pembeni kunywa, nikaushika ule mpira mkononi nikajiuliza: hapa mama hayupo. Nani amenitenga?

Nikapanda baiskeli. Tulipoiacha Mang'ula madigadi ya nyuma, lile bati la kuzuia matope, ikaanza kulia. Skrubu yake ilikuwa imechomoka, na kila nikinyonga bati linakwaruza tairi, krrr, krrr, mwishowe likaingia na tairi likagoma. Nikashuka. Wenzangu walikuwa wameshapita. Nikatafuta kamba kwenye mfuko: hakuna. Nikajaribu majani, yakakatika. Nikafikiria kuchana khanga, lakini ilikuwa khanga ya mama.

Nyuma kabisa, mwisho wa barabara, nikaliona gari la mavuno. Linakuja polepole, limewasha taa, na juu yake watu wamekaa wamekumbatia baiskeli zao. Dereva alifika akatoa kichwa.

"Dada, panda. Imeisha hiyo."

"Haijaisha."

"Utatengeneza na nini? Na sala?"

Wale waliokuwa nyuma wakaita, "Njoo dada, huku kuna kivuli! Tunakula na miwa!" Nakuambia ukweli, nilitamani. Ningepanda, hakuna ambaye angenilaumu, na mama angefurahi. Ningefika Sanje nimekaa, nimeshikwa na watu, kama nilivyofika hospitali.

Nikatoa kikombe. Lile fundo la mama lilikuwa limekauka, zaidi ya mwaka limefungwa, kucha hazikuingia. Nikalifungua kwa meno. Mpira ukavutika, ukaachia, ukanipiga mdomoni hadi machozi yakanitoka, na wale wa kwenye gari wakapiga makofi wakidhani ni maonyesho. Ulikuwa bado mzima, unavutika vizuri. Nikaizungushia madigadi, nikaibana kwenye chuma cha keria, nikafunga fundo kama lake. Nikazungusha tairi kwa mkono.

Tik, tik, tik, tik.

"Haya," dereva akasema, "mimi nipo nyuma yako. Usiponiona, ujue nimelala."

Mkula watu wa kando ya barabara walisimama kwenye meza zao za nyanya wakashangilia, mmoja akaita, "Mama vitumbua! Nyonga!" Sijui alinijulia wapi. Kutoka hapo sikumbuki vizuri. Nakumbuka kila mwinuko nilishuka nikasukuma, kila mteremko nikapanda. Nakumbuka nilikuwa nahesabu migomba badala ya kufikiria kifua. Nakumbuka maji yanayoshuka mlimani, meupe, membamba kama uzi, nikajua ndiyo Sanje.

Mama Hadija alikuwa amesimama barabarani kabla hata ya utepe wa mwisho, ndizi zake ziko nyuma yake hazina mwenyewe. Amenenepa! Nilimpita kwanza, breki zilikataa kushika haraka, akanikimbilia huku anacheka.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, mwendawazimu wewe! Nilikuwa natania!"

Akanikalisha kwenye gunia. Alikuwa anakunywa chai ya tangawizi, kikombe kimefika nusu. Akanipa. "Kunywa."

Nikafungua mfuko kutafuta kikombe changu.

Mama Hadija akauangalia mkono wangu, kisha akaniangalia mimi. Hakutania tena. "Anjela. Wewe bado unaumwa?"

"Hapana."

"Basi unatafuta nini?"

Nikautoa mkono kwenye mfuko. Nikapokea chai yake, nikanywa pale pale alipokuwa amenywea yeye. Ilikuwa na sukari nyingi mno. Tukabaki tunapokezana hadi ikaisha, sisi watu wa benchi moja.

Lori lilitushusha Ifakara jua likiwa linaelekea kuzama. Mama alikuwa mlangoni. Nadhani alikuwa hapo tangu mchana, maana mboga ilikuwa imeungua na hajui. Akaniweka mkono kifuani, kiganja chote, akasikiliza kwa kiganja kama wanavyofanya akina mama.

"Limekuokota?"

"Halijaniokota."

"Umekohoa?"

"Mara moja. Vumbi."

Akafumba macho, akafumbua. Akachukua mfuko wangu kutoa vitu, akakutana na kikombe. Akakigeuza upande huu na huu.

"Mpira uko wapi?"

"Uko kwenye madigadi, mama. Ndio ulionifikisha."

Akapitisha kidole kwenye mkono wa kikombe. Mimi nilisubiri aseme atatafuta mwingine, karakana ya kaka imejaa tyubu. Alikiweka mezani taratibu, akasema, "Loweka mchele wa vitumbua, mimi kesho sitaamka mapema," akatoka kwenda kuanua nguo.

Nililoweka mchele. Kisha nikatoa vikombe vyote sita, nikaviosha pamoja kwenye beseni moja. Vikakaa mezani vinachuruzika maji, vya bluu, ukingo mweupe. Changu nilikuwa bado nakijua kwa sababu nilikiweka mwisho. Nikafumba macho. Nikavisogeza, nikavibadilisha, hiki huku, kile kule, vinagongana, nikaendelea hadi mikono yenyewe ikapotea.

Nilipofumbua sikukitambua changu. Nikachukua cha kwanza nilichokigusa, nikachota maji kwenye ndoo, nikanywa.